Dodoso la Kiwanda cha Maturubai

Miaka ile ya soko huria semina zilikuwa nyingi kuliko mvua za Dodoma, na mimi sioni haya kusema nilikuwa nakwenda kwa ajili ya posho na chai ya saa nne. Hii ilikuwa ya mbinu za takwimu za kuchunguza biashara. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali kutoka Dar es Salaam, alitufundisha kuchagua sampuli kutoka kwenye orodha ya viwanda na maduka, kisha akatuonya kuwa orodha yenyewe ni ya zamani na imejaa marehemu. Tuchote vikaratasi vyenye majina, kila mtu aende akaone kiwanda au duka lake kama liko hai.

Nikachota changu. Loo! Kiwanda cha maturubai, Kizota. Mtunza stoo wa pale ni baba yangu mzazi.

Kilikuwa kiwanda cha umma, na kiliacha kushona pale maturubai kutoka nje yalipojaa madukani. Wenzake walipunguzwa wote. Baba akabaki na funguo, bila mshahara. Kila asubuhi anapiga pasi shati, anakwenda kupaka mashine mafuta na kumngoja mwekezaji. Mama alimsihi waende wote Hombolo kwenye shamba la zabibu, akasihi weee, mwisho akaenda peke yake na mgongo wake mbovu.

Nilimwomba mwalimu anibadilishie. "Nenda," akasema. "Usiulize watu wanatumaini nini. Uliza kilichotokea." Nikamsonya kimoyomoyo.

Baba alinipokea getini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umekuja kiserikali!" Akanifutia kiti vumbi, akakaa wima kama yuko kwenye usaili. Maswali ya mwanzo aliyajibu kwa raha zake: mashine zote zipo, hakuna iliyoibwa hata nati.

Tukafika kwenye hali ya biashara. Kinafanya kazi, kimesimama kwa muda, au kimefungwa?

"Kimesimama kwa muda," akasema, hata sijamaliza.

Sasa kanuni tuliyofundishwa ni kwamba jibu hilo halikubaliki mpaka mhojiwa aseme kazi itaanza tena lini. Nikamuuliza.

"Mwekezaji akija."

"Anakuja lini, baba?"

Upepo ulikuwa unapigapiga bati lililolegea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, andika kimesimama. Ukiandika kimefungwa, nani atakuja kukinunua?"

Yale yalikuwa mazoezi tu, jamani. Hakuna mwekezaji ambaye angeyasoma. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na ningeweza kumfurahisha mzee wangu, nikanywa chai yangu kesho nikiwa na amani. Lakini kesho yake angepiga pasi shati tena, na mama angeinama peke yake kwenye mizabibu. Niliumia, na hasira zikanipanda. Si kwake, hata kidogo. Niliwakasirikia wale wakubwa waliopanda magari yao wakaondoka, wakamwachia mtu mzima funguo bila neno.

"Baba, kuna mtu yeyote aliyewahi kukwambia kimefungwa?"

"Hakuna. Barua sikupata, mtu sikumwona."

"Basi nakwambia mimi. Kimefungwa, baba."

Niliogopa angenifukuza. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena. Nilijua machozi yamekaribia nikaangalia pembeni, maana baba yangu sikuwahi kumwona akilia na sikutaka kuanzia pale.

"Endelea," akasema. "Umebakiza nini?"

Kulikuwa na mstari mmoja wa chini, cheo cha mhojiwa. Hilo sikuwa na haja ya kumuuliza. Nikaanza kuandika mwenyewe: mtunza stoo.

Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Tanguliza 'aliyekuwa'," akasema.