Punje Mbili za Kahawa

Juzi sokoni Bukoba niliona kahawa ya kutafuna ikiuzwa kwenye vifuko vya nailoni, na hasira ya Goziba ikanirudia.

Tulikimbilia kisiwa hicho baada ya baba kumpinga chifu mbele ya Waingereza. Barua tulizoandikiana na rafiki zetu wa Kamachumu, kwetu, zilisomwa bomani, rafiki hao wakachapwa viboko, basi barua zikakoma. Badala yake Ta Rwegasira, rafiki wa baba, alikuwa akimpa mvuvi kifurushi cha ganda la mgomba, kilichonukia moshi wa jikoni kwetu. Ndani mlikuwa na punje moja tu ya kahawa. Tunda la kahawa lina punje mbili, nami nilijua nyingine ameila yeye.

“Mchoyo huyo,” nilimwambia mama.

“Nyamaza. Walichanjiana.”

Sikuelewa. Baba aliitafuna polepole, kama siku walipoapa udugu na kugawana tunda moja, huyu punje hii, yule ile.

Alasiri moja mvuvi alileta kifurushi kutoka kwa mke wa Ta Rwegasira. Nilikifungua mwenyewe, nikakuta punje zote mbili.

“Baba, leo hakula yake,” nilisema kwa furaha.

Baba alizitazama, akazifunga tena, akaenda kukaa peke yake ufukweni, palipoanikwa dagaa.

Ta Rwegasira alikuwa amekamatwa kwa kuwasiliana nasi, akafia mahabusu. Bomani walisema ni homa. Homa gani hiyo, inayomchagua mtu kwa sababu amemsalimu rafiki yake?