Kaski ya Kusikia Kikohozi

Watu wengine hununua kaski, zile hedifoni kubwa za kufunika masikio, ili wafurahie muziki. Mimi nilinunua ya kwangu ili nimtoe mtu katika kwaya. Sioni haya kusema hivyo. Haya yangu yote niliimaliza mwezi ule ule.

Mtu mwenyewe alikuwa jirani yangu wa benchi. Katika kwaya yetu hapa Uvira wanaume wa besi tuko saba, na kwa miaka mingi mimi na yeye tumesimama bega kwa bega, mstari wa nyuma, upande wa dirisha. Yeye anashona nyavu kule Kalundu, ufukweni. Ana kifua kama pipa na sauti ya mtu aliyezoea kuuita mtumbwi wa pili katikati ya ziwa. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Kazi yangu ni kuona makosa ya wengine na kuyazungushia kalamu nyekundu, na Mungu amenijalia kuifanya hata miezi ambayo mshahara hauonekani. Kwa kuwa nilisoma kuliko wenzangu sita, nilikuwa pia mkubwa wa besi. Hakuna aliyewahi kunipima sauti. Walitazama kalamu kwenye mfuko wa shati langu, nikafaulu.

Mwaka huu tulikwenda studio moja ya mtaa wa Songo, tukarekodi wimbo wa siku ya mavuno, ambayo tulipanga kuifanya Bwegera pamoja na waumini wa huko, watu wa mpunga. Kesho yake wimbo ulikuwa kwenye simu ya kila mtu. Nikausikiliza. Ubeti wa kwanza, malaika watupu. Ubeti wa pili, pale besi inaposhuka ngazi tatu kwenda chini, sauti moja ikavimba ghafla, ikawafunika wenzake, ikakaa hapo, kisha ikatulia. Ubeti wa tatu, vilevile. Niliijua sauti ile kabla haijamaliza neno. Nilikuwa nimeivumilia kanisani miaka yote. Kila tulipofika mahali pagumu nilimsogelea na kumtupia jicho la kumwonya, jicho ambalo darasa zima hunyamaza likiliona. Yeye alikuwa akitabasamu na kuongeza sauti.

Nikapeleka shauri kwenye komite ya kwaya. Nilisema kwa huzuni, maana shtaka likisemwa kwa huzuni hukaa vizuri zaidi. "Kikulacho ki nguoni mwako," niliwaambia. Wawili walikubali palepale. Wengine walisita, na prezida wetu, mama wa soprano mwenye busara ya kutotaka ugomvi, akasema: "Kwa simu sauti yote iko kama inzi ndani ya kopo. Mwalimu, tafuta namna ya kusikia muzuri, utuletee, siye pia tusikie. Kwa sasa yeye aikale kwanza."

Basi akakaa, asiimbe, na zilibaki wiki tatu tu kufika siku ya mavuno. Alipoambiwa alijibu "Sawa" tu, hakuuliza nani kamshtaki. Jumamosi alikuja mapema kuliko wote kama kawaida yake, akapangusa mabenchi kwa kitambaa, kisha tulipoanza mazoezi akatoka nje na kukaa kwenye ngazi ya mlango, akatusikiliza mpaka mwisho. Mimi niliona hicho ni kiburi.

Sasa kaski. Nilikuwa sijawahi kununua, lakini mtu msomi hashindwi na kitu cha dukani. Niliingia duka la kwanza kwenye barabara kubwa, nikaomba kaski mbili, nikazishika moja moja kila mkono kama mtu anayechagua samaki. Iliyokuwa nzito ndiyo niliyoona ni nzuri. Tena ilikuwa na mataa ya rangi tatu. Muuzaji alinisoma haraka kuliko mimi nilivyoisoma kaski.

"Hii iko original, Mwalimu," akasema. "Besi iko mingi! Inatikisa mpaka meno."

Mimi mtu wa besi, mkubwa wa besi, niambiwe besi iko mingi nikatae? Akanipigia muziki wake mwenyewe, kichwa kikatikisika, nikafumba macho na kuitika kama daktari anayepima moyo. Nikainunua. Nyumbani nikaweka wimbo wetu. Kwaya haikuwepo. Kulikuwa na mtu anatwanga muhogo ndani ya masikio yangu, na mama zetu wa soprano walisikika kana kwamba wamehamia Bijombo, kule juu kwenye ng'ombe. Muuzaji alikataa kuipokea tena. Alisema nilikwisha kuifurahia mbele ya mashahidi. Sasa binti yangu anaivaa kwa ajili ya mataa, na ameridhika nayo kabisa.

Nikarudi kwa mwenye studio kumwomba ushauri. Kwanza alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanipa somo, nami nililisikiliza vibaya, kama wanafunzi wangu wanavyonisikiliza.

"Mwalimu, usichague kwa uzito wala kwa mataa. Na usikubali muziki wa muuzaji, ule iko naujua, ulipikwa kwa kukuuzishia. Chukua wimbo weye mwenyewe unajua. Kwa ule wenu, mbele ya ubeti wa pili, kuko muntu alikohoa. Kidogo tu. Minye nilishindwa kumutoa. Kaski yenye haikusikilizishi kile kikohozi, uiache palepale."

Kikohozi! Katikati ya kurekodi! Nilimwandika kwenye daftari langu mtu huyo bila jina: *Kikohozi, asiye na nidhamu, atafutwe.* Nikaingia mjini na simu yangu na waya wake. Duka la pili: "Iko na bluetooth, iko na radio." Nikavaa, nikasikiliza. Hakuna aliyekohoa. Duka la tatu: laini kama mto wa mtoto, masikio yakapata joto, kwaya nzima ikaimba chini ya blanketi. Hakuna aliyekohoa. Duka la nne muuzaji aliniuliza ninatafuta kitu gani hasa, nikamjibu ukweli.

"Weye unatafuta kaski ya kukohoa?" akaita wenzake. "Mukuje! Kuko mugonjwa hapa!"

Niliipata kwa mama mmoja anayeuza vitu vilivyotumika Ulaya: pasi, redio, mashine za kusaga kahawa ambazo hakuna mtu Uvira anayezielewa. Ilikuwa chini ya pasi mbili. Nyepesi kama kapu tupu, haina taa hata moja, ngozi ya masikio imebambuka, waya mrefu wa kumfungia mbuzi. Mama mwenyewe aliiona aibu. "Hiyo haina kitu, Papa. Angalia hizi zingine, ziko zinang'aa." Lakini nilikwisha kuchomeka waya. Prezida wetu wa soprano alisimama kushoto kwangu. Nasema alisimama, ningeweza kumwonyesha kwa kidole. Tena wakasimama wenzake, na mstari wa wanaume nyuma, na mvua ndogo ya siku ile juu ya bati la studio, ambayo nilikuwa nimeisahau. Na kabla ya ubeti wa pili, wazi kabisa, mtu akakohoa.

Sitadanganya, nilifurahi. Nilisahau kwa muda nimekuja kumshtaki nani. Nilisimama kati ya pasi zile nikausikiliza ubeti wa kwanza mara nne, kwa sababu tu ulikuwa mzuri na mimi nilikuwa ndani yake.

Nyumbani nikamwita mke wangu asikie ajabu hiyo. Alivaa, akasikiliza, akavua.

"Iko muzuri," akasema. "Na hiki kikohozi ni chako."

"Changu?"

"Nalala na hiki kikohozi miaka kumi na sita. Ni weye."

Akaenda zake kuchambua mchele. Nikalifungua daftari, nikatazama nilichokiandika, nikalifunga. Nikasema moyoni kikohozi si dhambi, studio ile ina vumbi. Nikavaa kaski, nikapita kikohozi, nikaingia ubeti wa pili kumkamata mtu wangu.

Besi ilianza kushuka ngazi zake tatu. Ngazi ya kwanza, sawa. Ngazi ya pili sauti moja iliachana na wenzake. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye matamshi safi, kila herufi mahali pake, sauti ya mtu anayesoma imla. Ilikwenda chini mno, ikapotea, ikawa inatafuta njia peke yake. Na hapo ndipo ile sauti ya Kalundu ilipovimba. Haikuvimba kabla. Ilisubiri mpaka nyembamba ianguke, ikaingia juu yake, ikaishika noti mahali pake, ikaibeba mpaka ile nyembamba ikaisikia na kurudi. Kisha ikatulia. Ubeti wa tatu nilimsikia hata akivuta pumzi mapema, kwa kuwa alijua kitakachokuja.

Nilirudia mara nyingi. Nilikwenda kwenye nyimbo zetu za zamani zilizokuwa kwenye simu, za Pasaka, za harusi. Kila mahali pagumu, mimi nilianguka, yeye akaokota. Nilikasirika kwanza, nikatafuta wa kumkasirikia, sikumpata. Halafu nikaona aibu, aibu ya kuchoma masikio ndani ya kaski. Ile methali ya nyani asiyeona kundule nimeifundisha kila mwaka, na mchoro ubaoni. Kumbe nilikuwa nachora picha yangu.

Sasa ningeweza kunyamaza. Nakiri niliwaza hivyo siku tatu nzima. Halafu nikapata hila ya kiungwana zaidi: nitaipeleka kaski kwa komite, wasikie wenyewe, waseme wao, mimi niinamishe kichwa tu. Siku ya mkutano nikaiweka mezani na simu. Wakaivaa kwa zamu.

Prezida alifumba macho. "Aa, soprano," akasema. "Ile pahali ya 'asante' sikujua iko nafika juu vile." Katibu, mtu wa tenori, aliirudisha mara tatu mahali ambapo tenori inaanza, akauliza kwa nini sauti yake iliwekwa mbali na mikrofoni. Mweka hazina alimsikia mkewe katika alto, akacheka peke yake. Mpiga kinanda alisikia kinanda. Watu wote wanne walivaa kaski ile nzuri, na kila mmoja akajikuta mwenyewe.

"Bon," prezida akamaliza. "Tumesikia. Ni kweli, yule papa anapaza. Mwalimu, asante kwa kujitoa. Kama wote wangekuwa na roho yako!"

Walinipigia makofi. Nilisimama hapo na makofi yale, huku wakisubiri niketi.

"Si yeye," nikasema. "Ni minye. Minye naanguka, yeye ananishika. Musikilize tena."

"Mwalimu, usijishushe," katibu akasema. "Unyenyekevu ni kitu ya muzuri, lakini huyo mutu—"

Hata kosa langu walitaka kunihesabia kuwa wema. Basi nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya maishani: nikaimba ubeti wa pili, peke yangu, mbele ya watu wanne, bila bega la mtu. Ngazi ya kwanza, sawa. Ngazi ya pili nikaanguka kama kawaida yangu, na hakuna aliyeniokota. Mpiga kinanda alitazama viatu vyake. Sikuhitaji ubeti wa tatu.

Uamuzi ulichukua dakika chache. Yeye arudi, tena yeye ndiye awe mkubwa wa besi. Kuhusu mimi, mkubwa mpya wa besi ataamua kama nasimama au nakaa. Kazi ya kumpelekea habari nilipewa mimi, nadhani kama adhabu.

Nilimkuta Kalundu, ameketi mchangani, wavu magotini, vidole vya miguu vimeushikilia mwisho wake. Sikujua nianzie wapi, nikamvisha kaski. Alisikiliza wimbo wote bila kuacha kushona. Alipovua, uso ulikuwa umemshuka.

"Kweli napaza sana," akasema. "Munisamehe. Komite iko na haki."

"Hapana, Mukubwa." Nikamweleza yote: shtaka, huzuni yangu ya uongo, kikohozi, ngazi ya pili, makofi, na uamuzi wa komite. Nilimwambia kwamba sikuwahi kujua kama ananibeba. Hapo tu ndipo alipoacha kushona. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kitu kisichowezekana.

"Haukujua?" akauliza. "Lakini kila tukifika pahali ya nguvu, weye ulikuwa unanisogelea, unaniangalia. Nikasema, mudogo yangu anaomba nimushike. Nikamushika." Akatikisa kichwa. "Minye nilizani unajua."

Nilimwuliza tu kama nikae au nisimame. Aliuma uzi, akafunga fundo, akasema nisimame pale pale pangu, upande wa dirisha.

Siku ya mavuno tuliimba Bwegera, mbele ya magunia ya mpunga. Ubeti wa kwanza ukaisha. Nilijizuia kukohoa. Besi ikaanza kushuka, nikafika ngazi ya pili, nikamsogelea.