Kutuma Mdoli

Mwezi uliopita nilikuwa Kyimo, nimejibanza chini ya bati la duka moja kando ya barabara, nikisubiri mvua ipungue. Mvua ya kwetu haina haraka, nanyi mliowahi kupita Tukuyu mnaijua. Pembeni yangu alisimama kijana wa bodaboda, koti lake la mvua limechanika kwapani, na harufu ya petroli ilikuwa imechanganyika na ile ya migomba iliyolowa. Alikuwa anaongea na simu. "Mimi simpigii, mwanangu. Nikimpigia atanuna tu. Namtumia mdoli, basi." Akacheka, akawasha pikipiki, akaingia kwenye mvua.

Sikumuuliza neno hilo alilipata wapi. Nalijua lilikotoka. Lilitoka nyuma ya jiko la mama yangu, Kisondela, nilipokuwa na miaka saba. Huenda mkaona najisifu. Nisikilizeni kwanza, halafu muone kama kuna cha kujisifia.

Watoto wa siku hizi wana midoli ya plastiki yenye macho ya kufumba. Wangu alikuwa wa mgomba. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha: unachukua magome makavu yanayoning'inia kwenye shina, unayakunja mara mbili, unakaza shingo kwa kamba ya mgomba huohuo, kisha unamvika kipande cha kitenge. Nywele ni zile ndevu za mahindi. Uso hakuwa nao, na sikuwahi kuona kwamba amepungukiwa. Kwa kuwa Kisondela kila kitu kinaoza, naye alioza, na kila baada ya miezi michache nilimtupa shambani na kutengeneza mwingine. Yule mpya naye aliitwa Mdoli, kama wa kwanza. Sikuwa na dada wala kaka wa kunijulisha kwamba midoli hupewa majina.

Baba alikuwa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Mwanzoni alirudi na sukari na betri za redio, baadaye zikaja salamu tu, halafu hata salamu zikakoma. Mwishowe mtu aliyetoka huko akatuambia kwamba ameoa mwanamke mwingine na wana watoto wawili. Mama alijifungia ndani siku nzima. Mimi nilifurahi, kwa kuwa nilidhani hao wadogo zangu wataletwa nyumbani tucheze. Nikawatengenezea mdoli wao kabisa, nikamweka tayari juu ya dari ya jiko.

Sasa kuna jambo ambalo wa kwetu mnalifahamu na wageni mtalishangaa. Kwa desturi ya Kinyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani. Mama akiwa njiani na ndoo ya maji kichwani, akisikia kikohozi cha babu kule mbele, alijitosa kwenye migomba, akachuchumaa, akajifunika kanga usoni mpaka mzee apite. Babu naye alikohoa makusudi kila baada ya hatua chache, hata mapafu yake yakiwa mazima kabisa. Hawakusemezana, wala mama hakulitaja jina lake. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Hata wakati ule familia nyingi zilishalegeza, lakini babu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alisema Injili haikuja kumvua mtu adabu.

Bibi alipokuwa hai, maneno yote ya pale nyumbani yalipitia kwake. Alipofariki, nyumba ikanyamaza. Wakabaki watu wazima wawili katika ua mmoja, mmoja anapika na mwingine anakula, na katikati yao hakuna mtu. Nilikuwepo mimi, lakini mimi nami nilikuwa nimeacha kuongea. Sikuumwa. Bibi ndiye aliyekuwa mwenzangu mchana kutwa, mama akiwa shambani, na alipoondoka sikuona wa kuzungumza naye. Nilizungumza na Mdoli tu, kwa sauti ya chini, nyuma ya jiko.

Babu ndiye aliyegundua. Alikuja na kigoda chake, akakiweka palepale nyuma ya jiko, akanipa mgongo ili asije akamwona mama, na bila kunitazama akasema, "Mdoli, ugonile." Nilishtuka. Hakuna mtu aliyewahi kumsalimu Mdoli. Akaendelea, "Mdoli, mwambie huyo anayekubeba amwambie mama yake kwamba maharage ya leo yana chumvi ya kutosha ng'ombe watatu." Haya ninawawekea kwa Kiswahili. Kwa Kinyakyusa yalikuwa makali zaidi.

Nikazunguka jiko. Lilikuwa jiko la mianzi iliyokandikwa udongo, mlango wake upande wa pili. Nikamsimamisha Mdoli mbele ya mama na kufikisha ujumbe. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mama aliweka mwiko chini, akaniangalia, kisha akamwangalia Mdoli. "Mdoli," akasema, "mwambie babu kwamba chumvi ni ileile ya jana, labda ulimi wake ndio mpya." Nikazunguka tena. "Mama anasema samahani," nikamwambia babu. Ndugu zangu, sikufundishwa na mtu. Kupunguza ukali wa neno njiani kulinijia kwenyewe.

Tukaishi hivyo. Mdoli aliuliza kama maziwa yameganda, akaomba kuni zipasuliwe, akatangaza kwamba jogoo mwekundu achinjwe Pasaka. Majirani waliokuja kuazima moto waliona, wakacheka, wakabeba neno wakaondoka nalo. Wanawake walioolewa kule jirani wakaanza kusema "nimemtuma mdoli" walipompeleka mtoto na neno kwa baba mkwe. Baadaye mshenga naye akawa mdoli. Kisha likageuka kidogo, na mtu mwenye kupeleka umbea nyumba hadi nyumba akaitwa mdoli pia, ila hapo ulilitamka huku umebinua mdomo. Simu za mkononi zilipofika, kina mama walibishana sana kama mkwe anaruhusiwa kuongea na baba mkwe kwa simu, wakakubaliana kwamba inaruhusiwa, maana hawaonani, na simu nayo ikaitwa mdoli. Mimi mwenyewe shuleni niliitwa Mdoli, na kwa wenzangu maana yake ilikuwa mtu asiye na maneno yake mwenyewe. Wote walinijua kwa jina hilo na hakuna aliyeniita tucheze.

Kwa kweli hilo ndilo lililoniuma kuliko kuachwa peke yangu. Kutwa nzima watu wawili waliongea kupitia kwangu, na jioni nilipohesabu, hapakuwa na neno hata moja lililokuwa la kwangu. Niliwapenda wote wawili. Lakini nilikuwa mpweke, na sikujua kwamba hali hiyo ina jina.

Basi, mwaka mmoja mama mkubwa, dada yake mama, alileta habari. Alikuwa akiishi Makandana, anashona sare za shule kwenye baraza yake, na alikuwa na cherehani mbili na kazi nyingi kuliko mikono. Akamwita mama aende kukaa naye, ajifunze, ajitegemee. Mama alifikiri siku kadhaa. Halafu akaniita jikoni na kuongea polepole, ili nisipoteze hata neno moja.

"Mdoli, nenda kwa babu. Mwambie dada ananiita Makandana nikajifunze cherehani. Mwambie mume harudi, na yeye anajua. Naomba ruhusa yake. Sitaki kutoroka kama mwizi."

Nilifikisha yote, safari hii bila kupunguza. Babu akasema, "Nimesikia. Nitajibu." Siku nne hakusema chochote, si chumvi wala kuni. Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Alirudi kanisani, na kabla hata ya kuvua koti akabeba kigoda hadi nyuma ya jiko.

"Mdoli. Mwambie mama yako kwamba aliyekosa ni mwanangu, si yeye. Aende akajifunze hiyo chelehani, aende na baraka zangu. Simfungi. Ila mtoto ni wa ukoo huu. Mtoto atabaki na mimi." Akagonga kigoda kwa kidole. "Umesikia, Mdoli?"

Nikaitikisa shingo ya Mdoli kuitikia.

Kutoka kwenye kigoda hadi mlango wa jiko ni hatua kama kumi na tano. Nilipofika kwenye kona, penye pipa la maji ya mvua, nilisimama. Niliwaza mchana wa pale nyumbani bila mama wa kurudi kutoka shambani. Niliwaza ni nani atanisuka nywele, maana babu hakujua hata kufunga kamba ya kiatu. Niliwaza kwamba hapatakuwa tena na mtu upande wa pili wa kupelekewa maneno, kwa hiyo hata babu hatakuwa na sababu ya kuniita.

Mama alikuwa anamenya ndizi mbichi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Hakuinua kichwa. "Babu amesemaje?"

"Amesema bado anafikiri," nikasema.

Kisu kikasimama. Mama akaniangalia, na safari hii hakumwangalia Mdoli, aliniangalia mimi. "Haya," akasema. "Basi na afikiri." Akaendelea kumenya.

Hakuuliza tena. Nilisubiri aulize kesho yake, na wiki iliyofuata, na kila aliponiita jikoni nilidhani ndiyo siku yenyewe, lakini alikuwa ananituma maji. Kule Makandana mama mkubwa alingoja, akachoka, akachukua binti wa jirani. Babu alipoona mwezi umekwisha na mkwe wake bado yupo, alikuja na kigoda na kusema maneno matatu tu: "Mwambie ndaga fijo." Nikapeleka shukrani hizo, na mama akazipokea bila kuuliza ni za nini. Mdoli yule alipooza sikutengeneza mwingine. Nilisema nimekua. Ukweli ni kwamba nilimwogopa, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameitikia kwa kichwa.

Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hadithi aliyopenda kuwasimulia wageni ilikuwa ya mkwe wake aliyefunguliwa mlango na akakataa kutoka. Alijivunia sana. Nilikuwa nawaletea chai wageni hao huku nimeinamisha macho. Tulipomzika nililia kama wengine, lakini kilio changu kilikuwa na jambo lingine ndani yake: mzee alikuwa amekwenda na uongo wangu akiuheshimu kama neno la kanisani.

Nimeolewa, nina watoto watatu, nyumba yangu haikosi kelele. Hata hivyo kila mama alipokuja kunitembelea nilijikuta nina haraka, mara nafagia, mara natoka kwenda dukani. Jambo unalomficha mtu linakuweka mbali naye hata mnapokula sahani moja. Niliona wivu nilipowaona wenzangu wakicheka na mama zao wamelegea, miguu imenyooshwa kwenye mkeka.

Mwaka jana alikuja kukaa nami kwa ajili ya macho yake. Mchana mmoja alitaka kushikiza kifungo cha gauni, akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano kwa sababu haoni tundu. Nilipitisha uzi, sindano ikabaki mkononi mwangu. Nikamwambia yote, mfululizo, kuanzia kwenye pipa la maji hadi kwenye utomvu. Nilimwambia kwamba babu alimruhusu siku ileile, na kwamba ni mimi niliyemnyima cherehani.

Mama hakushtuka. Alichukua sindano mkononi mwangu.

"Nilisikia," akasema. "Ule ukuta ulikuwa wa mianzi, mama. Na babu yako alikuwa na sauti ya kuongozea sala."

"Ulisikia yote?"

"Yote. Na lile la wewe kubaki, nililisikia."

Nikamuuliza kwa nini basi hakwenda, au kwa nini hakunichapa. Akacheka kidogo, cheko la wazee wa kwetu, la puani.

"Ningesemaje kwamba nimesikia? Mkwe hasikii sauti ya baba mkwe mpaka aletewe neno. Nikakaa namenya ndizi, nasubiri uniletee. Nikasema moyoni, mtoto akiniletea, nitakwenda, nitajua ataweza kukaa bila mimi. Wewe ukaja na lako. Kutwa ulikuwa unabeba maneno ya watu. Siku ile ndiyo niliyokusikia wewe."

Akavuta uzi, akapapasa kifungo kwa kidole gumba. Nilimwomba msamaha. Alisema hakuna wa kusamehewa, kwamba alichagua mwenyewe, ila kuna siku alipopita Makandana na kusikia cherehani alitembea haraka. Hilo nalo alilisema wazi, na ninashukuru kwamba hakunificha.

Mpaka leo ninaifikiria miaka ile yote. Mimi nilikuwa na siri yangu, yeye alikuwa na yake, na siri ilikuwa moja. Kila mmoja aliilinda peke yake ili asimuumize mwenzake, na katikati yetu hapakuwa na mtu wa kutupelekea neno.