Nolitha na Moyo wa Pili

Nolitha Mqoboli alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa Gugulethu, mwanamke wa kuinua sufuria la uji bila kuita mtu. Alipomzaa Lwazi, kitindamimba wake, moyo wake ulianza kutanuka. Hospitali wakampandikizia kifaa kifuani cha kuufanya upige sawasawa. Kikamsaidia miaka mitatu. Kisha miguu ikavimba tena, akawa analala ameketi.

Daktari hakumficha. Kifaa kimeshindwa. Ipo pampu ya kuusaidia moyo, lakini hutaka umeme saa zote, na umeme wa kwetu tunaujua. Upo moyo wa marehemu, akipatikana anayelingana naye. La sivyo, dawa za kumpunguzia mateso mpaka siku yake. Nolitha akachagua moyo. Lakini lazima awepo mtu nyumbani wa kumsimamia dawa, maana hazirukwi hata siku moja.

Mumewe, Zwelibanzi, akaitwa. Akamwambia muuguzi kwamba pale nyumbani hakuna mtu. Nolitha alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Kumbe mwenzake alikwisha kupata mwanamke mwingine, mtaa wa Khayelitsha, anangoja tu mazishi ya mkewe.

Dada yake Zwelibanzi, Nobesuthu, alipopata habari alikuja hospitali na furushi la nguo.

"Waambie waniandike mimi, wifi," alisema.

"Nikipona, kaka yako atanikoma."

"Pona kwanza."

Walingoja miezi saba. Moyo ukapatikana, ukakubali.

Nolitha alirudi kanisani karibu mwaka baadaye, barakoa usoni, siku ambayo Zwelibanzi alikuwa asimikwe mzee wa kanisa. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilikuwa kwenye kwaya, nikamwona Nolitha anasimama polepole. Akaeleza yote, bila kupaza sauti.

"Mama Lwazi, hayo ni ya nyumbani," Zwelibanzi akasema.

"Nyumba ipi? Si ulisema haina mtu?"

Nobesuthu akasimama kando ya Nolitha. Zwelibanzi akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Uzee ule hajaupata mpaka leo.

Wiki ile nilimpelekea Nolitha maharage na mahindi, nikamuuliza kama sasa ameridhika. Alikuwa anameza vidonge vyake vya asubuhi, Nobesuthu akimtazama.

"Bado," alisema. "Nataka anione nikizeeka."