Sentensi ya Bibi Tuba

Mwalimu Ardalan Khazai alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba maneno marefu ya Kiingereza hayana taabu. Mtu huyakariri kama majina ya dawa, yakaisha. Yanayomtoa mtu jasho ni yale mafupi yanayoshinda mitaani kutwa, ambayo kila mlango yanaoingia yanavaa nguo nyingine. Kila wiki alichukua moja la namna hiyo, akalifundisha kwa Kiajemi katika chumba chake cha kupanga juu ya duka la dawa, mjini Birjand.

Wiki ile neno lilikuwa *miss*, la kukosa na kukosekana, na aliyelichagua alikuwa mama yake.

Bibi Tuba alikuwa na mjukuu Kanada, binti wa Siavash, mdogo wake Ardalan, aliyeondoka zamani akaoa hukohuko. Mtoto aliitwa Lili, na Kiajemi hakukijua. Kila Ijumaa baada ya magharibi simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, na bibi na mjukuu wakatazamana wakitabasamu mpaka mashavu yachoke. Lolote walilotaka kuambiana lilipitia kwa Ardalan.

"Nifundishe sentensi moja, baba," mama yake alimwambia. "Moja tu, ya kwangu mwenyewe, isiyopita mdomoni mwako. Nimwambie moyo umenibana kwa hamu ya kumwona."

"Wao hawasemi moyo umebana, mama. Kwetu sisi moyo ndio unaobana. Kwao, yule mtu ndiye anayekosekana."

"Basi na wao wana akili. Nipe hilo."

Walikuwa wameketi sakafuni karibu na hita ya gesi, sinia la zereshki kati yao, mama akichambua vijiti kutoka kwenye vile vitunda vyekundu. Alilirudia neno kwa bidii, midomo ikilitafuta kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Kisha akataka kujua mipaka yake.

"Mtu akiachwa na basi?"

"Neno ni hilohilo."

"Na maji? Yale ya mfereji wa babu yako, yaliyokauka?"

"Hata maji."

"Na punda?"

"Mama, jamani."

"Nauliza tu. Almasi alikuwa na akili kukushinda wewe. Alijua njia ya nyumbani bila kuambiwa." Ardalan akacheka, naye akacheka, akifunika mdomo kwa mkono. "Na meno yangu je?"

"Na meno."

Akatoa kijiti kimoja, akakiweka kando. "Na marehemu baba yako? Au kwa waliokufa wana neno jingine?"

"Ni hilohilo, mama."

"Vizuri," akasema Bibi Tuba, na hakuuliza tena jioni ile.

Ardalan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu aliyewafundisha wengine lugha ya kuondokea. Wanafunzi wake waliingia, wakafaulu mitihani yao, wakapanda ndege. Yeye akabaki na vumbi la chaki, chumba cha kupanga, na mama wa kumpelekea mkate. Alichokuwa nacho ni kipaji cha kuchekesha. Kicheko cha darasa kilimpasha joto kuliko chai.

Jioni aliyofundisha neno lile, darasa lilikuwa limepooza. Nje baridi kali, ndani watu wakipiga miayo. Akaandika ubaoni matumizi yake, basi linalompita mtu, risasi isiyopata shabaha, kitu kisichoonekana mahali pake, na akaona macho yanafumbika. Hapo akachukua skafu yake, akajitanda kichwani, akavuta midomo ndani kama asiye na meno.

"Nina mwanafunzi mmoja, bibi kizee," alisema, na sauti iliyomtoka haikuwa yake.

Akawapa swali la maji. Akawapa punda, kwa jina lake. Akawapa meno. Marehemu akamweka mwisho kabisa, baada ya meno, kwa kuwa alijua hapo ndipo atakapochekesha zaidi. Darasa likaanguka kwa kicheko. Karani wa forodha aliyekaa mbele alivua miwani akafuta macho. Parisima, binti aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, aliyarekodi yote kwa simu, akawapelekea jamaa zake, kwa nia njema tu, waone mwalimu wake alivyo mcheshi.

Siku chache baadaye Ardalan alikuwa kwenye foleni ya mkate, akakutana na Bi Esmat, jirani yao.

"Mwalimu, umetuvunja mbavu," alisema Bi Esmat. "Mke wa mwanangu alitufungulia ile video yako kwenye simu juzi pale kwangu, tulipokuwa tunangoja msomaji wa dua. Wanawake wote walicheka."

"Mama alikuwepo?"

"Alikuwepo, kwani anakosaga? Tena yeye ndiye aliyecheka kuliko sisi sote. Mpaka akajifunika uso na baibui."

Mwokaji alimnyoshea mkate wake. Ardalan aliupokea wa moto vile ulivyo, akaukumbatia kifuani bila kuukunja. Mtaa mzima ulimjua Almasi. Hakukuwa na mwanamke mle chumbani ambaye hakuelewa ni bibi kizee gani.

Nyumbani alikuta chakula tayari. Mama yake alimmiminia chai, akamsogezea sukari, akamuuliza kama barabara ina barafu. Alikuwa amejiandaa kwa kununiwa, hata kwa kufokewa. Heshima hii hakuwa na pa kuishika. Mara mbili alifungua mdomo. Mara zote mbili aliomba chai nyingine. Kwa usiku ule na uliofuata Bibi Tuba hakuuliza maana ya neno lolote.

Ijumaa simu ikaita. Lili alitokea kwenye kioo na nywele za asubuhi, akapunga mkono, akangoja. Siavash alikuwa amemwambia bibi ana kitu cha kumwambia kwa Kiingereza.

"Haya mama," alisema Ardalan kwa sauti ya chini. "Sema ile yako."

"Sema wewe, Mwalimu."

Hakumwita baba.

"Unaijua mama. Uliisema vizuri sana."

"Mimi Kiingereza nakijulia wapi?" Alikuwa akitabasamu kuelekea kwenye kioo, kwa ajili ya mtoto, na macho hakuyageuza. "Mwambie bibi mzima. Mwambie avae soksi."

Ardalan alimwambia Lili avae soksi. Mtoto alitazama miguu yake, kisha akasogeza uso karibu, akauliza kitu kwa sauti ndogo, taratibu, kama anayeogopa kusikika.

Alikuwa ameuliza kama bibi hampendi.

"Amesema nini?" aliuliza Bibi Tuba.

Maneno yote yalikuwemo kichwani mwa Ardalan, ya lugha zote mbili, mepesi, ya kila siku. Aliyatazama yote.

"Anauliza kama umeshakula, mama."

"Mwambie nimekula, namshukuru," alisema Bibi Tuba.

Kule kwenye kioo mtoto alikuwa bado anangoja.