Niliondoa protokali za mtandao kwenye kompyuta nikidhani nafukuza pepo (Lushoto)

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu, naishi peke yangu mlimani juu ya Soni. Umri wangu si wa kutunga hadithi. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na pale nisipoelewa nitasema sielewi.

Binti yangu Namsifu yuko Mwanza. Wiki hiyo alikuwa amelazwa, akisubiri upasuaji wa tumbo Alhamisi saa nne asubuhi. Tulipatana kwamba saa tatu nitamwombea kwa video call, tukionana uso kwa uso. Alisema, "Baba, usiponiombea siingii theatre."

Kompyuta alininunulia yeye. Intaneti naipata kwa antena kutoka ofisi ya usharika.

Jumatano saa tisa alasiri ukungu ulishuka ukaziba madirisha. Kompyuta ilikuwa imewashwa, lakini sikuwa nimefungua kitu chochote. Nilikuwa namenya viazi.

Spika ikasema, "Baba."

Nikageuka. Kwenye screen hakuna kitu. Ikaita tena, taratibu, kama mtu aliye chumba cha pili. Sauti ya Namsifu kabisa. Halafu kimya.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Kazi yangu miaka mingi ilikuwa kuingia nyumba za watu waliompokea Kristo na kutoa nje kila ambacho mwenye nyumba hawezi kukieleza. Hirizi, kibuyu, kitambaa chenye fundo. Huwezi kukieleza, kinatoka. Hatukuuliza mara mbili.

Basi nikaikemea ile sauti kwa jina la Yesu. Nikaingia settings za network, nikakuta orodha ya majina nisiyoyajua. Nikaondoa tiki zote. Kilichokubali uninstall nikakitoa. Nikamalizia na programu ya kusafisha kompyuta, kisha zaburi.

Nyumba ikatulia. Ikatulia mno, hata saa ya ukutani niliisikia.

Alhamisi saa moja asubuhi, hakuna intaneti. Taa za antena ni kijani. Nikabonyeza Troubleshoot, ikajibu kwamba protokali moja au zaidi za mtandao hazipo kwenye kompyuta hii. Kumbe ndiyo yale majina niliyoyaondoa.

Simu? Mnara ulizimika na mvua ya Jumanne. Kwenda usharikani? Udongo ulikuwa umeporomoka ukafunika njia.

Akapita jirani yangu Mzee Shemdoe, mkulima wa kabichi. Nilimsikia kabla sijamwona, ukungu ulikuwa bado mzito. Nikamsimulia yote.

"Mwinjilisti," akasema, "umemfukuza pepo, na mtandao nao ukaondoka naye."

"Usinicheke, Shemdoe. Mtoto ananisubiri."

"Sikucheki. Mimi ningekimbia kabisa, kompyuta ningekuachia wewe. Lakini binti si alikuachia daftari?"

Kweli. Daftari lilikuwa chini ya Biblia, sijawahi kulifungua. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wake: "Baba, mtandao ukipotea kabisa, fanya hivi."

Nikarudisha tiki zote. Bado. Nikafungua Command Prompt kwa Run as administrator, nikaandika herufi moja moja:

netsh winsock reset

netsh int ip reset

Dirisha jeusi, kile kistari kinawaka na kuzima kama mtu anayesubiri nimalize kusema. Nikarestart. Shemdoe akafungua viganja, akaomba dua kwa namna yake. Nami nikaomba kwa namna yangu.

Saa tatu kasoro dakika mbili, intaneti ikarudi. Saa tatu kamili ikaita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Uso wake ulikuwa umekonda. Kabla sijaanza sala akaniuliza, "Jana saa tisa maumivu yalinizidi, nikakuita. Mbona hukuitika?"

"Uliniita kwa simu?"

"Hapana. Simu ilikuwa kwa nesi. Nilikuita tu, pale kitandani. Mara mbili."

Shemdoe alikuwa nyuma yangu. Akainama kuisogelea spika.

Nilimwomba mwanangu msamaha, ingawa hakujua wa nini. Kisha nikamwombea, akaingia. Namshukuru Mungu, alitoka salama, na sasa anakula ugali.

Wataalamu wataniambia ni programu ya simu iliyojifungua yenyewe. Inawezekana. Sielewi, na sasa naweza kuishi na kutoelewa.

Nilichojifunza: usiondoe kitu kwa sababu tu hujui kazi yake. Miaka yote ile nilitoa vitu vya watu bila kuuliza, na kumbe siku moja ningemkemea mtoto wangu mwenyewe akiniita.

Tangu hapo kompyuta ikiwaka, naacha spika wazi. Haijaita tena. Lakini ikiita, nitaitika kwanza, kukemea baadaye.

Nani kati yenu ameshasikia kitu kama hiki? Hata mwenye maelezo ya kiufundi aandike, nitasoma yote, polepole, na miwani yangu.