Tangawizi Kwenye Makaa ya Vifuu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kahawa, nje kidogo ya Malindi, nilikuta makaa yakilishwa maji ya sukari. Nilisimama mlangoni nisijue nimeingia kazini au kwa wendawazimu. Kwetu kahawa yenyewe haitiwi sukari, seuze makaa yasiyo na kinywa.

"Yakishashiba sukari, hayatagusa utamu wa kahawa," Mkemia Mkuu alinieleza. "Yatashika kafeini."

"Hiyo kafeini ndiyo nini, bwana?"

"Ndiyo inayokwendesha moyo mbio, bibi."

Makaa yalikuwa ya vifuu vya nazi kutoka Rabai, yaliyochomwa hadi yakajaa vitundu visivyoonekana. Tuliloweka buni, yaani kahawa mbichi, katika maji ya moto. Maji yalitoka na kafeini pamoja na ladha. Tukayapitisha kwenye makaa, kisha tukayarudisha kwenye buni ili zinywe ladha yake. Miaka yote nilielewa nusu tu. Nilivumilia ili nipate kahawa isiyo na kafeini, kwa sababu daktari alimkataza mume wangu ile ya kawaida kwa ajili ya moyo, na mume wangu bila kahawa hakai barazani, hali, hasemi.

Siku moja niliachiwa pipa peke yangu. Kunusa tu, nikaona maji yana upungufu. Nikatia tangawizi iliyopondwa, kama afanyavyo kila mtu wa pwani, ndipo nikayapitisha kwenye makaa. Buni zilipokauka nilikaanga kidogo, nikapeleka kopo nyumbani kabla hazijapimwa kafeini. Mume wangu alikunywa vikombe vitatu, akaanguka ameshika kifua.

Kesho yake Mkemia Mkuu aliinama akanusa makaa. Hakunigombeza, na hilo lilinichanganya zaidi.

"Umeyajaza tangawizi," alisema. "Kafeini ingekaa wapi?"

Hospitalini mume wangu alipopata nafuu, alinishika mkono. "Niwie radhi, mke wangu. Kahawa yako ni safi, moyo wangu ndio mbovu."

Nikamfunika shuka hadi kifuani.

Sasa nimestaafu, na kahawa ninayompikia imepimwa. Nyinyi mnaoanza kazi hii mtaniuliza mbona sijamwambia habari ya tangawizi. Sijui. Mara naona ni huruma, mara naona ni woga mtupu, na aibu inanila. Jana alinisogezea kikombe.

"Nitilie tena," alisema. "Ya mkono wako siiogopi."